Mcharaza Gitaa Bora ni Nani? Uhakiki wa Kigezo cha Uteuzi kwa Kuwalinganisha Franco, Mbaraka Mwinshehe na Mwenda Jean Bosco

Uhakiki huu unachunguza iwapo inawezekana kumteua mcharaza gitaa mmoja kuwa bora ilhali wanaolinganishwa wanatumia mitindo tofauti. Hoja kuu ni kwamba uteuzi huo unawezekana iwapo kigezo ni kazi ya gitaa ndani ya wimbo, wala si kasi ya vidole. Franco, mmoja wa waasisi wa OK Jazz mwaka 1956, alipiga gitaa la umeme mbele ya bendi kubwa. Vipande vifupi alivyovirudiarudia katika sebene vilikusudiwa kuwainua wachezaji. Mbaraka Mwinshehe (1944-1979), aliyevuma na Morogoro Jazz, aliimba na kupiga solo, gitaa lake likiiitikia sauti yake mwenyewe. Mwenda Jean Bosco, katika "Masanga" aliyoirekodi Hugh Tracey mwaka 1952, hakuwa na bendi. Kwa gitaa kavu, kidole gumba kilishika besi huku cha shahada kikisuka melodia, hata msikilizaji akadhani magitaa ni mawili.

Kwa kigezo hicho, anayeteuliwa hapa ni Mwenda. Hata hivyo, ni lazima ikirike kuwa kigezo chenyewe kinampendelea apigaye peke yake. Franco na Mbaraka waligawana kazi na wenzao. Kuwapima bila wenzao ni kuwapunja. Kwa hiyo, inapendekezwa kuwa mhakiki wa muziki asimwite mpigaji "bora" pasipo kubainisha ni bora kwa kazi ipi.