Vidaka vya Lamu na Kabati la Ukutani

Yako makosa mawili yanayotendwa mara kwa mara na wanaoandika juu ya nyumba za kale za mawe za Lamu. La kwanza ni kuviita vidaka vya ukutani pambo tu. La pili ni kuviita urithi wetu sote bila ya kuuliza vilikuwa vya nani. Hilo la kwanza, tukiri, tumewahi kulitenda sisi wenyewe mbele ya wanafunzi.

Kidaka ni uwazi ulioachwa katika unene wa ukuta ili kuwekea vitu, aghalabu ukiwa na tao juu yake. Wenyeji wa Lamu husema zidaka. Hapa tutafuata Kiswahili sanifu. Katika nyumba za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani hujaa vidaka safu juu ya safu, vyenye nakshi iliyochongwa katika lipu ya chokaa. Mgeni huona nakshi kwanza, na hapo ndipo hukumu yake inapopotoka. Yampasa atazame dari kabla ya ukuta. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi inayozidi mita 3 hivi bila ya kuhatarisha nyumba. Kwa hiyo chumba huwa kirefu lakini chembamba. Katika chumba kama hicho kabati la kusimama sakafuni lingemnyang'anya mwenye nyumba njia ya kupita. Ukuta nao, kwa kuwa ni wa mawe ya matumbawe, hauna budi kuwa mnene. Fundi aliutumia unene ule ambao asingeweza kuuepuka. Twasema basi kwamba kidaka ni kabati kwanza, na uzuri wake umeota juu ya kazi yake.

Weupe wa chokaa nao una sababu. Chumba cha ndani kiko mbali na kiwanda, yaani ua ulio wazi uletao mwanga. Lipu nyeupe iliyochongwa huudaka mwanga mdogo unaofika huko na kuutawanya.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoyalilia maanguko ya Pate katika Al-Inkishafi, alivitaja vidaka vilivyokuwa vya vyombo vizuri ambavyo sasa vimekuwa malazi ya ndege. Mwalimu anayefundisha utenzi huo bila ya kueleza kidaka ni kitu gani humwachia mwanafunzi nusu ya maana. Vyombo vya kauri kutoka China vilivyokaa humo vilikuwa ushahidi wa biashara na heshima ya ukoo, na wako wataalamu wanaoshikilia kwamba viliwekwa pia ili kukinga nyumba na jicho baya.

Hata hivyo hatutaki kusifu kupita kiasi. Vidaka vingi ni vidogo mno. Kimoja hutosha bakuli moja, basi. Havina milango, na vumbi haliombi ruhusa. Nguo na mali nyingine zilihitaji makasha. Anayesema kwamba safu za juu zilijengwa zaidi kwa ajili ya macho kuliko mikono hayuko mbali sana na ukweli.

Siku hizi, katika nyumba mpya za Dar es Salaam na Mombasa, mafundi wa jipsamu huunda kuta zenye vijidirisha vya kuwekea maua na picha, wakavipaka rangi na kuvitia taa. Wenye nyumba hudhani mtindo huo umetoka ng'ambo. Umbo ni lile lile la kidaka, lakini hoja yake imegeuzwa. Ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6 hauna unene wa kuchimbika. Fundi hulazimika kuusogeza mbele ukuta wa bandia, na chumba ambacho tayari ni kidogo kikapungua. Seremala anayepima pembe iliyobaki kati ya nguzo na mlango, akaijaza kabati la mbao kutoka sakafuni hadi darini, akalipiga msasa na kulipaka rangi moja na ukuta, yu karibu zaidi na fundi wa Lamu, ijapokuwa hakuchonga hata ua moja.

Kuhusu rangi twapaswa kuwa wakali zaidi. Wako wanaofufua nyumba za kale kwa kupiga lipu ya saruji na kuvipaka vidaka rangi ya mafuta ili ving'ae. Matumbawe yana chumvi ya bahari, na ukuta wake hunyonya unyevu na kuutoa. Chokaa huuruhusu unyevu upite. Saruji na rangi ya mafuta huuziba. Baada ya misimu michache rangi hutunga malengelenge na kubanduka pamoja na nakshi. Chokaa nacho kina kasoro yake: kikipakwa tabaka juu ya tabaka bila ya kukwanguliwa hujaza mistari ya nakshi hadi isomeke kwa shida.

Limebaki lile kosa la pili. Nyumba hizi zilikuwa za waungwana, na utajiri wao ulitegemea kwa sehemu kubwa jasho la watumwa waliolima mashamba ya bara. Nyumba za udongo na makuti hazikuwa na kidaka chenye nakshi, kwani ukuta wa fito na udongo si mnene kiasi hicho. Humo chakula kilitundikwa katika susu, kamba zilizosukwa zikaning'inizwa juu, panya wasifikie. Susu nayo ni kabati, tena huzaa nafasi pasipo na ukuta wowote wa maana. Hatujaona picha yake katika kitabu cha shule, ingawa wako bibi zetu ambao bado wanajua kuisuka.