Claire Tomalin na Maisha ya Wanawake Waliofichwa

Neno wasifu lina asili moja na sifa, na hapo ndipo penye mtego. Mtu akiombwa kuandika wasifu wa marehemu, aghalabu hudhani ameombwa kumsifu. Basi huyataja mema, huyaruka mengine, na msomaji hufunga kitabu asijue marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwandishi wa Kiingereza aliyeshika njia nyingine, tena iliyo ngumu zaidi, kwa kuwa wengi wa wanawake aliowaandika hawakuachiwa karatasi za kutosha, ama zilichomwa makusudi.

Bibi Claire Tomalin alizaliwa London mwaka 1933, akasoma Cambridge, akafanya kazi kwa wachapaji vitabu na magazetini. Aliwahi kuwa mhariri wa kurasa za vitabu katika New Statesman na kisha Sunday Times, mpaka mwaka 1986. Kitabu chake cha kwanza, maisha ya Mary Wollstonecraft, kilitoka mwaka 1974. Mwaka uliotangulia mumewe, mwandishi wa habari Nicholas Tomalin, aliuawa vitani katika miinuko ya Golan. Twalitaja jambo hili kwa sababu kitabu kile cha mwanamke aliyejitafutia riziki kwa kalamu kilitoka mikononi mwa mjane mwenye watoto wa kulea, na msomaji husikia kwamba mwandishi ajua asemalo.

Wollstonecraft alikufa mwaka 1797, siku chache baada ya kujifungua. Mumewe, William Godwin, mwaka uliofuata alitoa kitabu akaeleza yote, hata habari za mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Alidhani anamtukuza mkewe. Kumbe alimharibia jina kwa muda wa karne nzima. Hivyo tangu kitabu cha kwanza Bibi Tomalin alikutana na swali lililomfuata maisha yake yote: ukweli wa mtu aliyekufa ni mali ya nani?

Vitabu vyake juu ya Katherine Mansfield (1987) na Jane Austen (1997) ni vizuri, lakini wanawake hao wawili walikuwa mashuhuri kabla yake. Kazi yake iliyo bora, kwa maoni yetu, ni juu ya waigizaji wawili ambao majina yao yalikuwa yakitajwa pembeni tu, chini ya majina ya wanaume.

Wa kwanza ni Dora Jordan, aliyeandikiwa kitabu mwaka 1994. Alikuwa mwigizaji mpendwa kuliko wote wa wakati wake, akakaa miaka 20 na mwana wa mfalme, akamzalia watoto 10. Hapa mfasiri wa Kiswahili angepata taabu. Kumwita suria ni kosa: suria wa pwani yetu alikuwa mjakazi wa bwana wake, lakini watoto wake walikuwa halali, nao walirithi, Majid na Barghash, masultani wa Unguja, walizaliwa na masuria. Bibi Jordan alikuwa mwungwana mwenye kipato chake, na watoto wake hawakurithi kiti. William alipokufa mwaka 1837 ufalme ulikwenda kwa Victoria, binti wa ndugu yake. Mwanamke wa kinyumba lingekaribia, ila lina dharau. Mwandishi mwenyewe ameliepuka tatizo hilo kwa akili: jina la kitabu lamtaja kwa kazi yake, Mrs Jordan's Profession. William alimwacha mwaka 1811, naye akafa Ufaransa mwaka 1816, mbali na wanawe. Alipopata ufalme, William alimwagiza Chantrey amchongee sanamu.

Wa pili ni Ellen Ternan, ambaye kwao aliitwa Nelly. Charles Dickens alikutana naye mwaka 1857. Yeye alikuwa na miaka 45, binti 18. Dickens alimwacha mkewe, akachoma barua zake, na kwa miaka mingi alimficha Nelly, hata katika nyumba zilizopangishwa kwa majina ya uongo. Gari la moshi lilipoanguka Staplehurst tarehe 9 Juni 1865, Nelly na mama yake walikuwamo pamoja naye. Dickens alipoieleza ajali hiyo hadharani hakuwataja. Bibi Tomalin alitunga The Invisible Woman, mwaka 1990, kwa masalio: daftari ndogo ya mwaka 1867 iliyopotea Marekani na kuhifadhiwa New York, yenye herufi N mahali pa jina, na wosia uliomtaja Nelly kwanza kwa paundi 1,000.

Wazee husema, lisemwalo lipo. Mwandishi wa tarehe hawezi kujenga juu ya methali hiyo, na hapa ndipo tunapomlaumu kidogo. Watoto wa Dickens walisema kwamba palikuwa na mtoto aliyekufa mchanga. Peter Ackroyd, katika kitabu chake cha mwaka huo huo wa 1990, alikataa hata kwamba wawili hao waliishi kama mume na mke. Bibi Tomalin aliliweka jambo la mtoto kama lielekealo kuwa kweli. Alipoandika maisha ya Dickens mwenyewe, mwaka 2011, alielekea zaidi kuliamini, ingawa ushahidi haukuwa umeongezeka kwa kadiri hiyo.

Liko shitaka lililo zito zaidi. Nelly aliolewa na mwalimu mwaka 1876, akajipunguzia umri kwa zaidi ya miaka 10, akazaa, akayafukia ya zamani. Mwanawe Geoffrey aliyapata baada ya mama kufa mwaka 1914, yakamwumiza sana. Je, ni haki mgeni kuufukua mlango ulioufungwa na mwenyewe? Twajibu kwamba mlango ulikuwa umekwisha kuvunjwa. Tangu miaka ya 1930 habari zilichapwa, na ndani yake Nelly alikuwa doa tu katika nguo ya Dickens. Bibi Tomalin alimrudishia mama yake na dada zake, Fanny na Maria, waigizaji wote. Alituonyesha mtoto aliyepandishwa jukwaani akiwa na miaka 3, na jinsi mama mjane alivyowalisha binti watatu kwa kazi iliyodharauliwa na watu wenye heshima. Alichomfichua nacho ni kikubwa kuliko kosa.

Baadaye aligeukia wanaume: Pepys (2002), Hardy (2006), Dickens. Ni vitabu vya ustadi, na cha Pepys kilipata tuzo kubwa. Lakini hata kwa Hardy aliingia kwa mlango wa nyuma: kitabu chaanza na Emma, mke asiyetazamwa, akifa katika chumba chake cha darini.