Lafudhi za Wakanda

Mtu hujulikana kwao kwa kinywa chake. Msikilizaji wa pwani, akisikia mmoja asema "ndoo" na mwingine asema "njoo", hahitaji kuambiwa kuwa wa kwanza ni wa Mombasa na wa pili ni wa Unguja. Si ajabu, basi, masikio yetu yakiwa mahakimu wakali mbele ya filamu ya Black Panther, aliyoiongoza Ryan Coogler na iliyotolewa mwaka 2018. Wakanda ni nchi ya kubuni, lakini filamu zimeiweka pande zetu za Afrika Mashariki.

Lugha ya nchi hiyo ni Kixhosa, na chanzo chake chajulikana. Mwaka 2016, katika Captain America: Civil War, mfalme T'Chaka aliigizwa na John Kani wa Afrika Kusini, ambaye Kixhosa ni lugha yake ya kuzaliwa. Yeye ndiye aliyeshauri kwamba mfalme amsemeshe mwanawe kwa lugha hiyo. Shauri likapendeza, na lugha ya mazungumzo ya baba na mwana ikawa lugha ya taifa zima. Hivyo lugha ya kusini, pamoja na vidoko vyake vya ulimi, ilihamia kwetu, na hadithi haituelezi ilipitia njia gani.

Katika Kiingereza jambo ni gumu zaidi. Tutazame nyumba ya mfalme peke yake. Baba ni Kani. Mama ni Angela Bassett, Mmarekani. Mwana ni Chadwick Boseman, Mmarekani pia. Binti ni Letitia Wright, mzaliwa wa Guyana aliyekulia London. Baba asema kama alivyozaliwa. Waliobaki wasema kama walivyofunzwa, na sikio latambua. Kinyume chake, M'Baku, aliyeigizwa na Winston Duke wa Tobago, ana lafudhi ya Afrika Magharibi, wala hatuoni kasoro, maana watu wake wamejitenga milimani. Tofauti yenye sababu haimsumbui msikilizaji.

Pengine mtu atasema: kila mwigizaji na aseme kwa lafudhi yake. Ndivyo ilivyofanywa katika The Death of Stalin ya mwaka 2017. Humo Steve Buscemi ni Khrushchev mwenye sauti ya Kimarekani, na Jason Isaacs ni jemadari Zhukov mwenye sauti ya kaskazini ya Uingereza. Hapana aliyedanganyika, kwani sharti lilikuwa moja kwa wote. Lakini Boseman alikuwa na hoja nzito: mfalme wa nchi isiyopata kutawaliwa na wageni hana sababu ya kusema kama Mzungu. Twamsifu kwa msimamo huo.

Lawama yetu ni kwamba kazi iliishia nusu ya njia. Ilitafutwa lafudhi ya Afrika, na Afrika haina lafudhi moja. Mtazamaji wa mbali, akisikia kusini na magharibi vikichanganywa na kuitwa mashariki, ataondoka akidhani bara hili ni kijiji kimoja. Na dhana hiyo ndiyo filamu yenyewe ilitaka kuing'oa. Mwandishi abunipo nchi, na aibunie pia kinywa chake, kisha wenyeji wote wakifuate.