Kona Isiyofikiwa na Askofu: Injini za Sataranji Mwishoni mwa Mchezo

Mweupe ana mfalme, askofu wa miraba myeupe na askari mmoja katika safu ya h. Mweusi amebaki na mfalme tu, aliyejikita kwenye h8. Mchezaji wa klabu huona sare bila kupiga hesabu. Askari huyo hana budi kugeuka malkia kwenye h8, mraba mweusi ambao askofu hawezi kuugusa, kwa hiyo mfalme hafukuziki konani. Akizidi kubanwa, hukosa hatua halali bila kuwa ameshambuliwa, na hiyo nayo ni sare.

Injini isiyopewa maarifa haya hupekua hatua mbele hadi kina fulani, kisha hujumlisha thamani ya kete: askofu tatu, askari moja. Kanuni ya hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa ingeifichua sare, lakini mara nyingi iko mbali kuliko upekuzi unavyofika. Hasara kubwa hutokea mapema zaidi, pale injini inapobadilishana kete kwa hiari ili iingie katika hali hii na kuacha njia ya ushindi wa kweli.

Tiba ya kwanza ilikuwa kanuni zilizoandikwa kwa mkono. Kwa miaka mingi injini ya Stockfish ilikuwa na msimbo wa kukagua kama askari wote wako safu ya ukingoni, askofu si wa rangi ya kona, na mfalme wa adui ameiwahi. Ikiwa ndivyo, faida yote ilifutwa. Kanuni ya namna hii huokoa aina moja tu ya hali.

Tiba ya kina zaidi iligeuza mwelekeo wa hesabu. Katika miaka ya 1970, Ken Thompson wa Bell Labs alitengeneza jedwali la malkia dhidi ya ngome kwa kuanzia mwisho: hali ambazo mchezo umekwisha huorodheshwa, kisha hatua hurudishwa nyuma moja moja mpaka kila hali ipate hukumu yake. Majedwali ya Syzygy ya Ronald de Man, yaliyotoka 2013, yalifanya njia hii iwe rahisi kutumika: kete sita, wafalme wakiwemo, huchukua takriban gigabaiti 150. Ubora wake uko katika mgawanyo wa kazi. Faili moja hutaja ushindi, sare au kushindwa tu, nayo husomwa katikati ya upekuzi, hivyo injini huikwepa sare ya kona ikiwa bado na kete nyingi. Faili ya pili huhesabu umbali hadi kete iliwe au askari asogee. Bila hiyo, injini ingeweza kuzunguka ndani ya ushindi pasipo kuukamilisha.

Majedwali kamili yameishia kete saba. Zaidi ya hapo hubaki hali zilizozibwa na minyororo ya askari, ambazo binadamu huzitambua kwa kuona tu kwamba hakuna mlango. Stockfish hupunguza makadirio yake kidogo kidogo kadiri hesabu ya hatua 50 inavyosonga, ili itafute mabadiliko. Hilo huizuia kuzunguka bure, ila haliielezi kwa nini ukuta haupenyeki.