Mbavu za Mbwa: Nyumba Iliyoijaza Buguruni

Anayelalamikia vichochoro vya Buguruni, Dar es Salaam, kuanzia Malapa mpaka kwa Mnyamani, huishia kulaumu mipango miji. Lawama hiyo ina ukweli, ila inasahau ufundi. Mji hukua kwa kadiri nyumba zake zinavyojengeka, na nyumba iliyoijaza Buguruni ilikuwa ya Kizaramo: ya miti, udongo na makuti.

Wazaramo, ambao simulizi zao zinawataja kina Pazi walioteremka kutoka upande wa Uluguru, walikuwa wakilima maeneo haya kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wa Dar es Salaam jirani na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo, wakaweka na kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya majengo. Nyumba ya udongo ikasukumwa mbali na bahari. Buguruni wakati huo ni mashamba, na kwa desturi ya Pwani mnazi una mwenyewe hata kama ardhi uliposimama ina mwingine. Mgeni alipewa mahali pa kujenga, minazi ikabaki, nyumba zikajipenyeza katikati.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Wengi huiona kama tope lililosimamishwa. Sivyo: udongo haubebi kitu, mzigo wote uko kwenye miti. Fundi alipima kwa kamba na hatua za miguu, akachimba mashimo, akasimika nguzo za pembeni kwanza, zenye panda juu za kupokea miamba. Boriti bora zilikuwa za mikoko, nyingi zikitoka delta ya Rufiji, kwa sababu mkoko una tanini na mchwa hauupendi. Urefu wa boriti ndio uliopanga chumba: upana wa mita tatu hivi, basi. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilibanwa na kipimo hichohicho.

Kisha fito zililazwa nje na ndani ya nguzo, zikafungwa kwa kamba. Hapo ndipo mbavu zinapoonekana, na ndipo jina la mbavu za mbwa lilipotoka. Fundo la kamba lina faida ambayo msumari hauna: nguzo moja ikizama kidogo, ukuta hunyumbuka bila mti kupasuka.

Paa hutangulia udongo. Makuti huezekwa kuanzia upenuni kwenda juu, kila safu ikiilalia iliyo chini yake, na mwinuko lazima uwe mkali ili maji yasikae. Ndipo watu huitwa kukandika. Udongo hupondwa kwa miguu, hushindiliwa kati ya fito, mara nyingine na vijiwe, kisha huachwa kivulini mpaka ukauke na kupasuka. Nyufa hizo si hasara, kwa kuwa mkono wa pili wa udongo hushika humo. Mwenye haraka akikandika yote siku moja, ukuta humtoka kitambi.

Na baraza? Tunaisifu kwa bao na kahawa, lakini kazi yake ya kwanza ni kuukinga mguu wa ukuta na maji yanayoruka kutoka ardhini mvua inapopiga. Nyumba ya udongo hufa kuanzia chini.

Wazaramo hawako peke yao katika kuunga miti bila msumari. Watu wa Algonquin wa bonde la mto Ottawa, Kanada, nao mji mkuu uliwakuta kwao. Bunge la nchi hiyo limejengwa kwenye ardhi ambayo hawakuwahi kuitoa kwa mkataba. Champlain, Mfaransa aliyepita kwao mwaka 1613, alikuta wanasafiri kwa mitumbwi ya magome. Mtumbwi huo nao hauna msumari: gome la mti wa birch hushonwa kwa mizizi, na mishono huzibwa kwa utomvu uliochanganywa na mafuta. Tofauti iko kwenye mpangilio wa kazi. Mzaramo huanza na mbavu, ngozi ikafuata. Wao hulitandaza gome kwanza, mbavu za mti wa mwerezi zikasukumiwa ndani mwishoni ili zilivimbishe na kulikaza. Mzee William Commanda wa Kitigan Zibi, aliyefariki mwaka 2011, aliunda mitumbwi ya namna hiyo mpaka uzeeni.

Turudi Buguruni. Huko ufundi wenyewe ulivurugwa na vitu viwili vilivyoonekana kuwa maendeleo. Bati halihitaji mwinuko mkali, kwa hiyo paa likalala na upenu ukafupishwa, mvua ikaupata ukuta. Kutibu hilo, wenye nyumba wakapiga lipu ya saruji juu ya udongo. Udongo huvimba ukilowa na hunywea ukikauka; saruji haifanyi hivyo. Lipu huachana na ukuta, maji hunaswa nyuma yake, na fito huoza bila mtu kuona. Chokaa ya matumbawe, ambayo Pwani iliichoma kwa karne nyingi, ingekwenda na udongo vizuri zaidi, lakini dukani ukiulizia lipu utapewa mfuko wa saruji.