Ufundi wa Kuuacha Utando

Kufuga samaki wa mapambo nyumbani ni kazi ya macho kabla ya kuwa kazi ya mikono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwenye tangi la samaki huinama kila siku: akatazama mapezi, akatazama changarawe, akalitazama lile gogo alilolizamisha katikati. Ufundi wenyewe umo humo katika kutazama, na hakuna kinachoupima kama ule utando mweupe unaoota juu ya gogo jipya.

Hapa Changamwe hali ya hewa yenyewe inatusaidia. Joto la Mombasa linawatosha samaki wadogo aina ya gapi mwaka mzima bila kifaa cha kupasha maji. Fundi wa vioo hukata vipande vitano, akaviunga kwa silikoni, na tangi likawa tayari. Maji ya mfereji yasipotoka, kuna mtungi wa lita 20 wa muuza maji. Na yale yenye klorini huachwa wazi siku nzima kabla ya kumiminwa. Kinachobaki ni kulipamba tangi, na kwa macho yangu hakuna pambo linaloshinda gogo lililopindapinda, lenye mashimo ya samaki kujifichia.

Basi gogo hutiwa majini, na baada ya siku chache huota. Utando huanzia palipokatwa, kwenye vifundo na kwenye nyufa. Ukilimulika kwa tochi kutoka ubavuni utaona nyuzinyuzi laini, nyeupe, nusu uwazi, zikiyumba kila mapovu ya pampu ya hewa yanapopita. Ukizigusa zinateleza, kipande hubanduka kikaelea, na gapi hukikimbilia wakakidonoa.

Hao ni bakteria na kuvu wanaokula sukari na mabaki mengine yanayochujuka kutoka ndani ya mti. Hawamdhuru samaki mwenye afya. Chakula chao kikiisha, nao huisha, na kwa kawaida hilo huchukua wiki chache tu.

Lakini wengi wakiuona hufadhaika. Humwaga maji yote, wakasugua tangi kwa sabuni, wakaosha changarawe na sponji ya chujio kwa dawa ya klorini. Hapo ndipo balaa linapoanza. Katika changarawe na sponji ile wanaishi bakteria wengine, wale wanaoigeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo. Ukiwaua, samaki watakufa ndani ya maji yanayong'aa. Aliyekuwa akiogopa utando usio na madhara huwa ameiondoa kwa mkono wake kinga ambayo hakuiona.

Mjuzi hufanya machache. Huuvuta utando kwa mpira siku ya kubadilisha robo ya maji, hupitisha mswaki mpya usio na dawa pale palipozidi, huongeza kidogo msukumo wa hewa, halafu huwaachia konokono wa tangini waule uliobaki.

Somo la konokono lina umri mrefu. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alichapisha taarifa ya jaribio lake: samaki wawili wa dhahabu na mmea wa majini ndani ya chombo kimoja. Majani yalipooza, ute uliota na maji yakachafuka. Hakuyamwaga. Alitia konokono wachache wa majini, wakaula ule uozo, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Ufugaji wa samaki kwenye vioo kama tunavyoujua leo una deni kwa mtu yule aliyejiuliza nani anaweza kuula ute kabla ya kuuliza utaondolewaje.

Hata hivyo, usiwaokote konokono kwenye madimbwi na mitaro. Pwani yetu ina kichocho, na baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba vimelea vyake. Konokono huambukizwa akiwa majini. Yai lake halina vimelea hivyo. Chukua walioanguliwa ndani ya tangi la mfugaji mwenzako.

Gogo nalo lina masharti yake. Jirani yetu ni hori ya Port Reitz, yenye mikoko, michu na mikandaa, na maji hutupa vipande ufuoni. Mti ulio hai usiguswe: mizizi ya mikoko ndiyo malezi ya samaki wachanga na kamba, na hakuna pambo la sebuleni linalostahili gharama hiyo. Hata kilichookotwa kinahitaji kuchunguzwa. Changamwe ni mji wa mafuta. Kiwanda cha kusafishia mafuta ghafi kilifanya kazi hapa tangu 1963 hadi 2013, na mwaka 2005 mafuta yalimwagika katika hori hiyo. Gogo linalonuka mafuta halifai, hata ulichemshe mara ngapi. Lililokaa baharini liloweke katika maji baridi kwa wiki kadhaa, ukiyabadilisha, hadi chumvi itoke. Kisha lidunge kwa msumari: ukizama kirahisi, limeoza.

Likipita mitihani hiyo, lichemshe. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni tanini, ambayo kwa ajili yake maganda ya mikandaa yalitumika tangu zamani kulainishia ngozi na kutilia rangi. Nayo, kwa kiasi kinachotoka kwenye gogo lililochemshwa, haiwadhuru samaki.

Kuacha si kupuuza. Gogo likianza kulainika na kutoa harufu ya mayai viza, litoe. Samaki wakipanda juu kutweta, badilisha sehemu ya maji na uongeze hewa. Pamba nyeupe ikiota kwenye mwili wa samaki badala ya mti, huo ni ugonjwa na unataka tiba. Tofauti ya hayo na ule utando wa gogo haionekani kwa mtu mwenye pupa, na ndiyo maana nausifu ufundi huu: unamlea mtu kupambanua kinachodhuru na kisichodhuru kabla hajanyoosha mkono. Mtoto anayekua kando ya tangi la namna hiyo hujifunza mapema kwamba kisichopendeza macho si lazima kiwe kibaya.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiuona utando mweupe juu ya gogo lako nao samaki wanakula na kuogelea kama kawaida, usimwage maji wala usitie dawa. Upe wiki chache. Utaondoka wenyewe.