Kilindi kilicho chini ya poromoko

Mtu wa Beni au Butembo, hapa mashariki mwa Kongo, aliyewahi kufika Jinja, Uganda, akaona wazungu wakirushwarushwa na Nile ndani ya boti la mpira, hurudi na swali moja: mbona mto Semliki hatuutumii hivyo? Maji yapo na mteremko upo. Mto unatoka Ziwa Edward pale Ishango, mita 912 hivi juu ya usawa wa bahari, na hadi kuingia Ziwa Albert unakuwa umeshuka karibu mita 300. Ila hauteremki sawasawa. Kwenye mbuga ya Ishango unatembea taratibu, na kule chini, mpakani na Uganda, unajipindapinda kwenye tambarare. Mteremko wenyewe umebanwa katikati, msituni, magharibi ya Ruwenzori.

Ukali wa kipande hicho unashuhudiwa na samaki. Sangara ni wa asili Ziwa Albert, lakini Ziwa Edward hawamo. Mamba nao hawakuwamo kwa muda mrefu, ndipo katika miongo ya karibuni wakaanza kuonekana upande wa juu. Maporomoko ya Semliki yametajwa mara nyingi kuwa ndiyo yaliyowazuia.

Jinja ilifanikiwaje, basi? Tangu miaka ya 1990 watalii ambao hawajawahi kushika kafi wamepitishwa kwenye maporomoko ya daraja la tano, kwa kipimo kinachoishia sita. Ustadi wa waongozaji ni sehemu tu ya jibu. Nile pale inatoka ziwani, kwa hiyo haifuriki ghafla kwa mvua ya usiku mmoja. Ni pana, ina kina, maji yake si baridi. La maana kuliko yote, chini ya maporomoko kuna vilindi virefu vilivyotulia.

Kazi yote imejengwa juu ya vilindi hivyo. Kabla boti halijaingia, waokoaji wa kayaki hutangulia na kujibanza kando, pale maji yanaporudi nyuma. Boti likipinduka, abiria hutawanyika na mkondo huwapeleka wenyewe hadi kwenye utulivu, ambako kayaki huwaokota mmoja mmoja. Boti jingine, linaloendeshwa kwa makasia marefu, hubeba kamba na vifaa vya huduma ya kwanza. Abiria amekwishaambiwa: ukianguka lala chali, miguu mbele, usijaribu kusimama, kwani mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza kifudifudi. Na kwenye poromoko la Itanda, penye sehemu isiyofaa kwa mtalii, watu hushuka, boti likabebwa ukingoni, kisha safari ikaendelea chini yake.

Sasa chukua utaratibu huo uulete huku. Hendri Coetzee, mwongozaji wa Jinja aliyeongoza msafara ulioshuka Nile hadi Mediterania mwaka 2004, aliuawa na mamba tarehe 7 Desemba 2010 kwenye mto Lukuga, huku huku Kongo, unaotoka Ziwa Tanganyika. Alikuwa na Wamarekani wawili, Ben Stookesberry na Chris Korbulic, wote watatu mabingwa wa kayaki. Walikuwa wakipiga makafi karibu karibu, mamba akatokea nyuma. Maporomoko makali walikwisha kuyapita mengi. Kifo kilimkuta kwenye maji tulivu.

Hapo ndipo hesabu ya Jinja inapogeuka. Kilindi kinachomwokoa mtalii kule, huku kina wenyewe: viboko sehemu ya juu ya mto, mamba sehemu ya chini. Ukingo nao hauna njia ya kubebea boti. Tena ni ukingo wa hatari nyingine: Desemba 2017 kambi ya Semuliki ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, ilishambuliwa, walinda amani wa Tanzania zaidi ya kumi wakauawa. Kwa hali hiyo, sioni mwongozaji makini atakayepokea pesa ya mgeni leo.

Siku usalama utakaporudi, na ICCN, mamlaka ya hifadhi za Kongo, ikiruhusu kwa kuwa kipande kikubwa cha mto kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, mpimaji aanze kwa miguu. Maporomoko atayasikia tu. Aandike vilindi: urefu wake, njia ya kutokea, na nani anaishi ndani. Kwa kipande cha juu, hilo la mwisho wavuvi wa Ishango watamjibu kabla hajalowa.